Gari Tulilolishusha kwa Kamba

Mpendwa shemeji Osmundi,

Simu yako haipatikani tangu uvuke kwenda upande wa Msumbiji, kwa hiyo nimeamua kuandika, na kuandika wazi. Nakala nimewapa watu wa maboti pale Mbamba Bay, kila anayevuka achukue moja. Kuna watakaoisoma kabla yako, na waisome tu. Dada yako Theodora amekubali. Amesema hana la kumficha mtu tena.

Najua ukiona mwandiko wangu utadhani nimekuandikia kukushukuru, na utataka kuikunja. Usiikunje. Siku ile unaondoka uliniambia umechoka kushukuriwa, nami nilikusikia. Barua hii ina kazi nyingine. Nataka kukueleza upande wa siku ile usioujua, kwa sababu wewe ulibaki juu kwenye ule mti wa mlingoti na sisi tulikuwa ndani ya gari, na tangu hapo kila tukianza kuisimulia wewe unanyanyuka unakwenda kuangalia mbuzi.

Lakini siwezi kuanzia pale kwenye mlingoti. Lazima nianzie makaburini.

Unakumbuka tulipomzika mtoto wetu wa kwanza, yule ambaye hakuwahi kulia. Mvua ilikuwa imekata njia. Gari la kukodi lilifika ng'ambo ya mto likashindwa kuvuka, tukambeba Theodora kwa machela mabegani, tukateleza, tukasimama, tukateleza tena. Tulipofika kwenye lami pale Tingi, Theodora aliniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Ameacha kucheza." Hospitalini Mbinga walimwokoa mama peke yake. Wewe ulipanda kutoka Liuli, kule ziwani, siku ya pili, nguo zako zinanuka dizeli ya maboti, na baada ya maziko, mbele ya wazee wote wa ukoo wangu, ukasema, "Watu wa mlimani mnajua kulima kahawa, lakini hamjui kutoka nyumbani kwenu."

Nilitaka kukupiga. Mama yangu ndiye aliyenishika mkono. Halafu watu walipotawanyika, nikakukuta umechuchumaa kwenye ukingo wa njia yetu, unaitazama ile miteremko miwili, wa kwetu na ule wa ng'ambo, na mto katikati. Hukugeuka kunitazama. Ulisema tu, "Hapa panataka gari letu wenyewe. La kukodi litatuua wote."

"Gari kwa hela gani?" nikakuuliza.

"Sijasema tununue."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kwa muda mrefu hatukupendana, shemeji, tuseme ukweli. Mimi nilikuona mtu wa maneno makali, wewe uliniona mtu wa kusubiri. Lakini tulikuwa tumemzika mtoto mmoja, na hilo lilitosha kutufanya tusukume chuma pamoja.

Ile Landrova ya Kigonsera tuliikuta nyuma ya gereji, imezama kwenye nyasi hadi milangoni, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Haikuwa na injini wala kioo hata kimoja. Wewe uliingia chini yake kwa tumbo, ukagonga chesisi na spana kutoka mbele hadi nyuma huku umetega sikio, kama muuguzi anayepima kifua. Ulipotoka ulikuwa na utando wa buibui kichwani, na hiyo ndiyo siku ya kwanza nilipokuona ukitabasamu. "Mifupa ni mizima," ukasema. Mwenyewe alitupatia kwa maharage na mbuzi dume, na kwa sharti kwamba tuwahamishe wale kuku bila kuvunja yai.

Baada ya hapo tukawa watu wa kuokota. Springi tulizipata kwenye lori la mbao lililooza kule Namswea. Kiti kirefu cha nyuma kilitoka kwenye basi lililokatwa vipande. Tangi la mafuta lilikuwa lako, la boti. Bomba la kuvutia hewa, lile linalopanda hadi juu ya paa ili maji ya mto yasiingie kwenye injini, lilikuwa bomba la plastiki la kutolea maji machafu, na watoto wa kijiji wakaliita gari letu "Choo". Ulikasirika. Mimi nilicheka peke yangu shambani.

Injini ndiyo iliyoleta vita nyumbani. Unajua ilikotoka, na kila mtu wa Tingi anajua. Ilitoka kwenye ile pikapu iliyopinduka kwenye kona za kushuka ziwani, ikaua waliokuwa wamepanda nyuma. Mwenyewe hakutaka tena kuiona kwa macho. Tuliibeba kwa magogo hadi uani, na mama yangu akatoka jikoni akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Hii haikai hapa," akasema.

Ukamsalimia kwanza. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimesema haikai hapa. Imekunywa damu ya watu. Mkwe wangu hatapanda kitu hiki, na mimi sitapanda hadi naingia kaburini."

Nilikuogopea, kwa sababu nilijua ulimi wako. Lakini siku hiyo ulimjibu kwa upole. Ulimwambia, "Mama, mimi nikiokota injini ya boti lililozama naiosha, halafu inawapeleka watu sokoni. Sijui njia nyingine."

Mama akarudi jikoni. Kesho yake asubuhi tulimkuta ameinama juu ya injini na ndoo ya maji ya moto na sabuni ya mche, anaisugua kwa gunzi, kila pembe. Aliiosha kama anavyooshwa maiti, kwa ukimya uleule. Alipomaliza akamwaga maji mbali na nyumba, akasema kiapo chake cha kutopanda kiko palepale.

Halafu Theodora akashika mimba tena. Aliniambia mimi kwanza, na wewe ukajua kwa kuona tu kwamba ameacha kubeba maji. Tangu siku hiyo hatukulala vizuri, wala wewe wala mimi. Mawingu yalianza kukaa juu ya milima, na gari lilikuwa bado limepandishwa kwenye mawe. Mchomeleaji wa Mbinga mjini alitukatia ile sahani nene ya chuma ya kuunganisha injini na giaboksi, tukaifunga, haikukaa, tukaitoa, tukaisaga, tukaifunga tena. Siku injini ilipowaka, moshi ulijaa uani hadi majirani wakakimbilia wakidhani nyumba inaungua. Theodora alisimama mlangoni ameshika tumbo. Hakushangilia. Aliuliza jambo moja tu: "Linasimama?"

Hapo ndipo tulipokuwa na shida. Lilikuwa linakwenda, lakini halisimami. Ile masta ya breki, pampu inayosukuma mafuta ya breki, ilikuwa imeliwa na kutu, na kila tuliyoiokota haikuingiliana na yetu. Ulikwenda hadi Songea ukarudi mikono mitupu. Tukalijaribu hivyohivyo kwenye uwanja, na wewe unajua kilichotokea: lilirudi nyuma peke yake likapita kwenye migomba, nami nikaruka kando likanigusa shati. Ulilizima, ukashuka ukiwa umebadilika rangi. Ukaniambia, "Gari hili halitoki hapa bila breki. Umenielewa, shemeji? Gari lisilosimama ni jeneza."

"Mvua haitatungoja," nikakujibu.

"Basi utamweka dada yangu kwenye jeneza kwa sababu ya mvua?"

Tuligombana hadi Theodora akatoka. Alisimama katikati yetu, tumbo lile limetangulia. "Atakayebebwa ni mimi," akasema. "Mbona hakuna anayeniuliza?" Akatutazama kwa zamu, kisha akasema, "Tafuteni hiyo breki." Akarudi ndani.

Breki haikupatikana. Uchungu ulimwanza kabla ya wakati, Jumapili, watu wametoka misani, mvua ikinyesha tangu alfajiri. Alikuwa amekaa kizingitini, ameshika mlango kwa mikono miwili. Watu walijaa uani. Mtu mmoja akasema tutengeneze machela.

Theodora akainua uso. "Machela nilishabebwa."

Mimi nilikutazama wewe, shemeji. Nilijua nitaliwasha gari lile hata ukinizuia, na nilijua wewe unajua. Ulikuwa umesimama kwenye mvua bila kofia, unatazama mteremko, halafu ukatazama ile kamba nene ya kuvutia maboti uliyoileta toka Liuli kwa ajili ya kuinulia injini. Ukauliza taratibu, kama mtu anayejisemesha, "Wanaume tuko wangapi hapa?"

Ukatupanga. Kamba ukaifunga nyuma kwenye chesisi, ukaizungusha kwenye shina la ule mlingoti mkubwa ulio juu ya njia, na wanaume ukawaweka nyuma ya mti, mmoja nyuma ya mwingine. Wewe ukakaa pale kwenye shina lenyewe, mahali kamba inaposugua, wewe wa kuamua iachiwe kiasi gani. Ukawaambia, "Ziwani boti tunalipandisha. Leo tunashusha. Hakuna kuvuta, hakuna kuachia bila mimi kusema." Kwangu ukaja dirishani, pasipo na kioo. "Gia ya kwanza, ile fupi. Usikanyage klachi hata mara moja. Ukifika chini mtoni nisubiri, nakuja twende wote. Injini ikizimika majini wewe hutaiweza."

Tukampandisha Theodora kwenye kile kiti cha basi, ameegemea mgongo wangu, anatazama nyuma. Na hapo mama yangu akaja, amejifunga kitenge kiunoni, akashika ubao wa nyuma akapanda. Hakumtazama mtu. Aliketi sakafuni akashika miguu ya Theodora. Nilikuona ukimwona.

Mpaka hapa unajua yote. Sasa nakueleza ya ndani ya gari.

Mwanzo lilishuka vizuri. Nilihisi kamba imelishika kwa nyuma, gari linajivuta mbele na kamba inalikatalia, kidogo kidogo. Udongo ule mwekundu ulikuwa kama sabuni. Sauti yako niliisikia kutoka juu, "Achia. Achia. Shika." Halafu gurudumu la kushoto la mbele likatumbukia kwenye mfereji uliochimbwa na maji, gari likageuka ubavu, na kamba ikavutwa kwa nguvu nikasikia mti ukilia. Tukaning'inia pale. Mama yangu akaanza Salamu Maria. Mimi nikazungusha usukani wote kulia nikingoja tuporomoke.

Hatukuporomoka. Nikapaza sauti, "Wako sawa huko juu?"

Mimi nilikuwa natazama mbele. Mama alikuwa anamtazama Theodora. Theodora peke yake ndiye aliyekuwa anatazama juu.

Alikuona, shemeji. Nimelijua hili msimu huu tu, tukiwa tunachuma kahawa, alipoacha kikapu akakaa chini katikati ya mibuni akanieleza. Alikuona kamba ilipokuvuta. Aliuona mkono wako wa kulia umeingia kati ya kamba na shina, na damu inashuka kwenye gome jeupe pamoja na maji ya mvua. Anasema ulifungua mdomo na sauti haikutoka. Aliwaona wanaume wa nyuma yako hawajui, kwa sababu mti ulikuwa umewakinga. Alijua kwamba akipiga kelele mimi nitakanyaga kitu, au wao wataiachia kamba waje kukusaidia, na kwa vyovyote gari litakwenda. Na anasema macho yenu yalikutana. Kwamba ulimtikisia kichwa mara moja, hapana, kisha ukageuza shingo ukawaambia walio nyuma, "Achia kidogo."

Nami nilikuwa nimeuliza, wako sawa huko juu? Theodora akanijibu, "Wako sawa. Usisimame. Shuka."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Nilidhani anazungumzia uchungu wake.

Tukafika chini. Nikakusubiri kama ulivyoniagiza, injini inanguruma, maji ya mto yamepanda rangi ya chai ya maziwa. Hukuja. Nikapiga honi, tuliyoitoa kwenye pikipiki. Hukuja. Theodora akasema, "Usimsubiri kaka. Kata kamba, nenda." Nikashuka na panga nikakata, na nikuambie nilichokuwa nacho moyoni wakati nakata: nilikuwa nakulaani. Nilisema moyoni, yule mtu wa maneno makali, leo kazi imemfika ameogopa maji. Nilivuka mto ule na hasira hiyo, na labda hasira ndiyo iliyonivusha, kwa sababu maji yaliingia ndani hadi mapajani kwa mama yangu na injini ikakohoa, ikakohoa, halafu ikavuta pumzi kupitia lile bomba la Choo ikaendelea.

Mteremko wa ng'ambo ulikuwa kupanda. Tulikuwa tumefunga minyororo ya kuvutia magogo kwenye matairi ya nyuma, na bado tuliteleza. Kila tukiteleza hakuna breki ya kutuzuia tusirudi mtoni. Mama yangu, yule mwenye magoti mabovu, akaruka chini. Akawa anatembea nyuma ya gari na jiwe kubwa mikononi, gari likipanda hatua analisukumia chini ya gurudumu, likitulia analitoa, anapanda nalo tena. Nilimpigia kelele atoke asije akasagwa. Akanijibu, "Endesha." Alipanda mlima wote hivyo. Hajawahi kulisimulia, na ukimuuliza atasema alikuwa anaokota kuni.

Tulipotokea kwenye lami nilitaka kulia kwa furaha, lakini lami ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Kwenye matope angalau hukimbii. Kwenye lami tulikuwa na gari zito, mvua, miteremko, na handibreki iliyokuwa inashika pale inapotaka. Niliiweka gia ya chini nikaliacha lilie. Mbele yetu kukatokea lori, linapunguza mwendo kuingia kona, na mimi siwezi kupunguza. Kulia kuna gari linakuja. Nikalitupa lile gari letu kushoto, nikalikwaruzisha ubavu kwenye ukingo wa mlima, udongo na nyasi vikaingia dirishani, na hivyo likapunguza mwendo, na lori likaondoka mbele yetu karibu niliguse kwa mkono. Nyuma, Theodora alikuwa hajatoa sauti. Nilimwita jina lake. Akasema, "Nipo." Nikamwita tena kila kona hadi Mbinga, na kila kona akanijibu, "Nipo." Mara ya mwisho ilikuja kwa kuchelewa.

Hospitalini sikuweza kusimama. Niliingia getini mlinzi ananipungia nisimame, nikampita, nikazunguka jengo polepole, nikaona lundo la mchanga wa ujenzi nikalielekeza gari pale, likapanda pua yake juu ya mchanga na nikazima injini. Manesi walitoka na kitanda cha magurudumu. Mmoja akauliza tumetoka wapi na kitu hiki. Mama yangu, amejaa tope hadi kwenye nyusi, akamwambia, "Tumetoka nyumbani. Mchukueni."

Walimpasua mara moja. Tulikaa kwenye benchi la saruji, mama na mimi. Mtoto alipolia nilikuwa nimeshika kichwa, na sikuamini kwamba ni wetu. Mama akasema, "Huyo." Akafunga kitenge chake upya, akaenda mlangoni akasimama, kama vile wangeweza kumpa mtu mwingine.

Felista aliingia duniani hivyo.

Jioni ileile pikipiki ikaleta mtu kutoka Tingi, mkono umefungwa kwenye khanga iliyolowa damu, na mtu huyo alikuwa wewe. Nilikuwa natoka kununua sabuni. Nilipokuona nilisimama katikati ya uwanja, na ile laana yote niliyokulaani ikanirudia mwenyewe. Wewe ulikuwa umejivuta chini ya lile lundo la mchanga unalitazama gari, pua juu. Hukuniambia habari ya mkono. Ulisema, "Limefika."

"Limefika," nikasema. "Msichana. Wote wazima."

"Na kusimama?"

Nikakuonyesha mchanga. Ulicheka hadi ukalazimika kukaa chini, na ulipokaa hukuweza kunyanyuka, tukakubeba ndani. Vidole vitatu hawakuweza kuviokoa.

Yaliyofuata unayajua, nami sitayarefusha. Ulikaa kwetu hadi kidonda kikapona. Masta ya breki ikapatikana, ukaifunga kwa mkono wa kushoto, mimi nakushikia taa ya simu na kukukabidhi spana. Gari likaanza kuwabeba wengine, kina mama wa vitongoji vya jirani, mzee aliyeanguka kwenye ngolo, yale mashimo ya shamba la mteremkoni, hata mwalimu aliyeumwa na nyoka. Na kila walipobebwa walikuja kukushukuru. Kanisani padre alikusimamisha. Sokoni walikataa hela yako. Watu walikusalimia huku wakitazama mkono. Lakini wale ungeweza kuwavumilia. Usiyeweza kumvumilia ni Theodora. Kila akikuwekea chakula, akiona unavyoshika tonge kwa kushoto, machozi yanamtoka, anakimbilia jikoni. Kila siku, shemeji. Hadi asubuhi ile ulipokunja shuka lako ukaniambia kuna wenye maboti upande wa Msumbiji wanataka fundi, hawakujui, hawatakuuliza mkono umepatwa na nini. Ukasema, "Mwambie dada simlaumu kwa kulia. Ila nimechoka kushukuriwa kwa machozi."

Nikakuacha uende, kwa sababu hata mimi nilidhani ni shukrani.

Haikuwa hivyo. Hilo ndilo ninaloandikia. Pale shambani nilimwambia aje mwenyewe akueleze, akasema hana sauti ya kulisema mbele yako, lakini ana maneno, na mimi niyaandike kama anavyoyatoa. Amekaa hapa mezani mbele yangu ninapoandika, Felista amelala mapajani mwake. Anasema:

"Kaka, niliona. Nilikuona umebanwa nikanyamaza. Nilimwambia mume wangu wako sawa, na hamkuwa sawa. Halafu nikamwambia asikusubiri. Wewe ulitikisa kichwa, lakini mimi ningenyamaza hata usingetikisa. Hilo ndilo linaloniliza. Na nimejiuliza miaka yote hii: ingekuwa tena leo, ningesema nini? Ningesema vilevile. Ningemwambia ashuke. Sikuombi unisamehe, maana siwezi kutubu kitu ambacho ningekirudia. Nataka tu ujue kwamba sikukuacha pale kwa kutojua. Nilikuacha nikijua, na wewe ulijua nakuacha, na tulifanya jambo lile pamoja, wewe kule juu na mimi huku chini. Njoo ule nyumbani. Nitakutazama mkono."

Ndivyo alivyosema. Sijaongeza wala kupunguza neno.

Kwangu mimi nina machache. Mama anakusalimia, ni mzima, anasema barabara ya mbinguni lazima iwe na matope maana haina haraka ya kumchukua. Kahawa mwaka huu imezaa. Felista anasema sana, hajarithi kwa upande wangu. Anajua ana mjomba, na anajua mjomba yuko ng'ambo ya maji, na anapouliza kwa nini, tunatazamana.

Ukishuka Mbamba Bay siku yoyote, mwambie mtu yeyote pale gatini akupigie simu yangu. Nitakuja na gari. Theodora atakuwa ndani, na safari hii atakaa mbele.

Ukae salama huko uliko, na Mungu akurudishe kwetu.

Ni mimi shemeji yako,
baba Felista,
pamoja na dada yako.